Mzungu wa Nne kwenye Kitanda Namba Nne

Swali la kwanza la kazi nililoulizwa Dubai lilikuwa fupi. "Can you make a bed?" Nikajibu kwa adabu yote niliyofundwa kwetu Tanga, "No, sir, but my father can." Yule bwana wa hoteli akaiweka kalamu yake mezani. Nikaona nisimwache njiani, nikamweleza kuwa baba yangu ni seremala, anatengeneza vitanda, makabati na milango, ila kazi ile hakuwafundisha watoto wa kike. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho, kisha akanipa kazi.

Mimi sikuona kichekesho kilikuwa wapi. Kwetu kitanda hutandikwa. Anayekitengeneza ni fundi, naye anataka randa, msumeno na mbao kavu. Neno "bed" nililijua tangu shule ya msingi, limeandikwa chini ya picha ya kitanda, herufi tatu tu, na hata mtoto mzito wa darasa letu hakulikosa kwenye mtihani. Kumbe nililijua sura, tabia sikuijua. Katika miaka yote niliyokaa Dubai, hakuna neno lililonichosha mgongo kama hilo, na hata leo nikilisikia huwa natafuta pa kukaa. Ninachotaka kusimulia ni habari ya kitanda kimoja cha chuma, na mguu mmoja ambao nusura ukatwe kwa kukosa pa kuulaza.

Nianze na hoteli. Ilikuwa Deira, hoteli ya kati, wageni wake wengi wafanyabiashara waliokuja kununua bidhaa za kujaza kontena. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa hata vitanda vina vyeo. Kuna king, kuna queen, kuna twin ambavyo ni pacha, na kuna extra bed, kitanda cha kukunja chenye matairi, ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kunibana vidole. Wiki za mwanzo supavaiza wangu, mama wa Kihindi mwenye sauti ya upole na macho makali, aliniagiza jioni moja niende nika-turn down kitanda cha chumba fulani. Mimi nilivyofundishwa, ukisema ume-turn down kitu, umekikataa. Nikaenda nikavua mashuka yote, nikainua godoro nikalisimamisha ukutani, huku najiuliza mgeni wa watu kakikataa kitanda kizuri vile kwa kosa gani. Kumbe nilitakiwa nikunje pembe ya shuka tu, ili akirudi asipate taabu ya kujifunulia. Mgeni alirudi akakuta godoro limesimama linamsubiri.

Siku nyingine mtunza bustani wa mlangoni, anawahi kuswali, aliniomba nimmwagilie bed yake maji. Nilimtazama kwanza nione kama ni mzima. Alikuwa anaonyesha tuta la maua.

Sheria iliyokuwa juu ya sheria zote ni hii: usikae kwenye kitanda cha mgeni. Sisemi kulala, nasema kukaa tu. Supavaiza aliweza kusimama mlangoni, akainamisha kichwa upande, akaona alama ya makalio kwenye shuka ambayo wewe mwenyewe huioni. Kuna waliojaribu wakarudishwa kwao. Kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa nanyanyua magodoro mazito kuliko mimi, nakunja pembe za shuka, nanyoosha mito, na sikuwahi kujua vitanda vile vinakaliwaje. Kila nilipomaliza kimoja mgongo ulinidai nikae, nami niliuambia usubiri.

Kitanda changu mwenyewe kilikuwa Al Baraha, na huko neno lilijigeuza tena, likawa bedspesi. Kila nguzo ya taa ilibandikwa karatasi: bed space, ladies only, karibu na kituo cha basi. Hukodi nyumba, wala hukodi chumba. Unakodi nafasi ya mwili wako ukiwa umelala. Ukisimama tu, umeshatoka kwenye ulichokilipia. Chumba chetu kilikuwa na dabo deka nne, wanawake wanane, dirisha moja lisilofunguka na kiyoyozi kilichodondosha maji. Mimi nilikuwa namba nne, chini.

Mlinzi wa jengo, ambaye Dubai nzima humwita natur, alikuwa mzee wa Kipakistani mwenye ndevu zilizotiwa hina, na majina yetu hakuwa na haja nayo. Bed One, hamisha viatu vyako kwenye korido. Bed Six, nani kaacha maji wazi? Mimi nikawa Bed Four. Mwanzoni nilinuna. Baadaye nikawa nageuka nikiitwa hivyo hata sokoni, na hilo liliniudhi zaidi kuliko jina lenyewe.

Baba angekiona kitanda kile angekitukana. Yeye kitanda alikitaja kwa viungo: matendegu, mifumbati, mchago. Mtu akija kuagiza kitanda dukani kwake alimuuliza kwanza atalala na nani na ana uzito gani, na mteja akiona haya baba alimwambia basi akalale kwenye mkeka. Kile cha Al Baraha kilikuwa mabomba yaliyoungwa kwa nati. Wa juu akijigeuza, wa chini unaziombea dua zile nati. Kunguni nao walikuwepo, sifichi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikilalia, nikawajua mmoja mmoja.

Juu yangu alilala Mkenya, msichana wa Nakuru aliyeuza simu kwenye duka moja, ambaye mdomo wake haukupumzika. Ndiye aliyenitafutia mwenza. "Kuna dem wa UG ana-work night," aliniambia siku moja, ananing'iniza kichwa kutoka juu. "Wewe uko day. Kitanda inakaa tu mchana yote bure. Si mshare?" Nilipiga hesabu zangu za moyoni, nikakubali. Watu wengi Al Baraha waliishi hivyo, ila hukusema kwa sauti, kwa sababu mwenye jengo alikuwa na kanuni yake: kitanda kimoja, mtu mmoja. Ukikutwa, unatoka na begi lako siku hiyohiyo.

Mwenzangu alikuwa Mganda wa Masaka, mama wa watoto watatu waliobaki kwa bibi yao. Alikuwa mlinzi kwenye mnara uliokuwa ukijengwa Al Jaddaf, analinda geti usiku. Kampuni yao ilikuwa na kambi Al Quoz, lakini ya wanaume. Wanawake walipoanza kuajiriwa waliambiwa wakajitafutie pa kulala. Basi akajitafutia, akanipata mimi.

Kwa miezi mingi tulikuwa watu wawili wa kitanda kimoja ambao hatujuani sura. Mimi nikitoka alfajiri yeye bado yuko njiani, mimi nikirudi yeye ameshaondoka. Kila mmoja alikuwa na shuka lake, akiamka analikunja analisukuma mchagoni. Nilimjua kwa joto aliloliacha kwenye godoro, maana siku nyingine alichelewa kuamka, na kwa harufu ya dawa ya kuchua. Nilimjua pia kwa bakuli. Nikipika wali nilimwachia mvunguni, nimefunika na sahani. Jioni nalikuta limeoshwa, na ndani yake ndizi mbili au yai la kuchemsha. Sijui kama nimewahi kuwa na urafiki mwepesi kama ule.

Natur yeye alituona sote wawili kwenye ngazi, kwa nyakati tofauti, mmoja na hijabu, mwingine na kofia ya ulinzi. Sote weusi, sote warefu, sote tukiingia mlango uleule na kuitikia jina lilelile. Akaamua ni mtu mmoja. Siku moja alinisimamisha kwenye ngazi, uso umejaa huruma. "Bed Four," akasema, "day duty, night duty. When sleep?" Ningemwambia nini? "Inshallah, sir," nikasema. Akatikisa kichwa akaniombea kwa Mungu.

Mambo yakaenda hivyo mpaka kampuni yao ikabadilisha zamu. Jioni moja nilirudi nikakuta mtu amekaa kwenye kitanda changu anavua buti. Alikuwa na uso mpana, nywele fupi, na pengo la kuzaliwa kati ya meno ya mbele. Nikajua ni yeye kabla hajasema, kwa harufu ya ile dawa.

"Dada," akasema, "wamenipeleka mchana. Sasa tunafanya aje?"

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeweza kulia mbele ya mgeni. Mwezi ulikuwa umeshalipiwa, na hakuna bedspesi inayopatikana jioni kwa jioni. Nikamwambia, "Tutalala mzungu wa nne, basi."

Akanitazama. Kiswahili chake alikiokota kwa askari na sokoni, na mara nyingi kilimtosha. "Mzungu?"

"Mzungu wa nne."

Akageuka akatazama mlango, kisha akahesabu vitanda kwa macho. Akasema pole pole, kama mtu anayejaribu kuwa muungwana: "Sawa. Lakini hao wazungu watatu wa kwanza, wao wako wapi? Na huyu wa nne analipa?"

Mkenya aliyekuwa juu alicheka mpaka nati zikalia. Ikabidi nimwonyeshe kwa vitendo, maana hata mimi sijui mzungu aliingiaje kwenye msemo huo. Wewe kichwa huku, mimi kichwa kule, miguu yako kwangu, yangu kwako. Kwetu watoto wa nyumba yenye wageni wote wamelala hivyo. Nilipojaribu kulisema kwa Kiingereza ilinichukua sentensi tatu, na bado kila mtu alidhani nazungumzia mchezo. Tangu siku hiyo akaniita Mzungu wa Nne, nami nikamwita hivyohivyo, na jioni aliyefika mwisho alisalimiwa, "Karibu, mzungu, vua viatu."

Tuliishi kwa kupishana ngazini ili natur asituone pamoja. Mmoja akitoka, mwingine anasubiri mpaka asikie mlango wa chini. Haikuwa kulala, ilikuwa kugawana uchovu. Mtu akikunja goti, mwingine anapata teke la mbavu. Lakini nilimsimulia habari ya kuulizwa kama naweza ku-make bed na kumjibu kuwa baba ndiye anayeweza, akacheka siku tatu. Ikawa kila asubuhi tukikunja mashuka ananiuliza, kwa sauti ya yule bwana wa hoteli, "Can you make a bed?" nami sharti nijibu, "No, sir." Bila hiyo hatuondoki.

Ukilala mzungu wa nne na mtu, uso wake huuoni, unaona miguu. Ndiyo maana niliujua ugonjwa ule kabla yake. Kwenye geti la Al Jaddaf walikatazwa kiti. Alisimama kutoka asubuhi hadi jioni juu ya zege, ndani ya buti zilizokuwa za mtu mwingine kabla yake. Usiku alikuwa angalau anatembeatembea. Mchana, macho ya wakubwa yakiwepo, alisimama wima. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba kwenye kifundo. Kisha buti likamchubua kisigino, kidonda kikafunguka, na juu yake ngozi ikawa nyekundu, inang'aa. Usiku mmoja mguu huo uligusa shavu langu nikashtuka kwa moto wake. Nikamwambia, "Mama, kesho huendi getini, unakwenda kliniki." Akasema nisimtishe. Nikamwambia simtishi, namfukuza.

Alirudi kutoka kliniki na mfuko wa vidonge na maneno mawili. Alikaa kitandani, akayatoa kama yalivyo: "Bed rest." Kisha akanitafsiria: "Amesema kitanda ipumzike."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Nikamwambia kitanda hiki kingekuwa na bahati hiyo! Halafu nikamweleza inavyotakiwa: ni yeye wa kupumzika, alale, asisimame, mguu uwe juu ya mito, mchana na usiku, mpaka wekundu urudi chini. Hapo akaacha kucheka. Akasema hayo ndiyo aliyosema daktari, pamoja na mengine. Kwamba sumu inapanda. Kwamba akiendelea kusimama, itafika mahali ambapo dawa haisaidii. "Watakata, dada," akasema, na akaushika mguu kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa kulipwa kwa kusimama, na watoto watatu Masaka walikula kwa miguu ile.

Nilikasirika sana. Sikumkasirikia yeye, wala daktari, maana daktari wa watu anaona mgonjwa, haoni kitanda. Lilinikasirisha lile neno. Bed rest! Mtu anaamrishwa alale kutwa kucha, na alicho nacho ni nusu ya kitanda, upande wa miguu, kwa siri. Na mimi kesho yake asubuhi nakwenda kutandika king kwa mgeni mmoja aliyelala kwenye kona yake tu, upande wa pili shuka halijakunjika hata kidogo.

Mguu uliotakiwa kuwa juu ya mito hauwezi kuchangiwa kitanda. Hilo halikuhitaji mjadala. Nikavuta mabegi yetu kutoka mvunguni, nikayapanga ukutani, nikafagia, nikatandaza maboksi mawili niliyoyabeba kutoka hoteli, juu yake blanketi. Mwenzangu alibisha, akasema yeye ndiye alale chini. Nikamuuliza mguu atautundika wapi huko chini, kwenye springi?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilichokitaka mvunguni kilikuwa usingizi, nikaupata kidogokidogo. Uso wangu ulitazamana na wavu wa kitanda, umebonyea pale alipolala. Akijigeuza ninaona kibonyeo kinahama. Nililala kiubavu, maana chali pua ingegusa. Asubuhi nilitoka kwa kutambaa, nikamwoshea kidonda, nikampa vidonge, nikamwekea maji na bakuli karibu, nikaweka mto wangu juu ya mto wake, mguu juu ya yote miwili. Kisha nikaenda kazini nimeinama. Supavaiza aliniuliza kama nimepoteza kitu sakafuni.

Haikupita wiki tukakamatwa. Nilitoka kama kawaida, nikampita natur kwenye ngazi na ndoo yake, nikamsalimu, akaitika, "Good morning, Bed Four." Nilipofika kituo cha basi nikakumbuka kadi ya kazi nimeisahau. Nikarudi mbio. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kiyoyozi kilikuwa kimezidisha kudondosha, wenzetu wakamwita aje atazame, na yeye sasa alikuwa amesimama katikati ya chumba, ndoo mkononi, anamtazama Bed Four amelala na mguu juu. Akasikia hatua zangu. Akageuka, akamwona Bed Four mlangoni na hijabu, anahema.

"Bed Four," akaniambia.

"Yes, sir."

Akamgeukia mwenzangu. "Bed Four?"

"Yes, sir," akaitika naye, sauti imekauka.

Maji yaliendelea kudondoka sakafuni. Mzee yule alituangalia huku na huku, na nikaona jambo linamwingia taratibu, zile duty mbili, zile huruma zake zote, zile dua. Nikadhani atapiga kelele. Badala yake aliutazama mguu muda mrefu. Kisha akaweka ndoo chini, akashika goti, na kwa kuguna kwingi akainama akachungulia mvunguni. Akaona maboksi, blanketi, na msahafu wangu mdogo nilioufunga kwenye kitambaa.

"One bed, one person," akasema alipoinuka. "You know. Boss coming check. Khalas, you go, she go."

Hapo woga ukaniisha, ikabaki hasira. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kujaza nafasi wazi kwamba kitanda ni kimoja na mtu aliyeko juu yake ni mmoja. Mimi siko kwenye bed. Daktari amesema bed rest, na bed ni hiyo, na anayerest ni huyo, na akiondoka leo mguu unakatwa. "Me, I am not bed, sir. I am…" Nikalitafuta neno. Nililitafuta kwa dhati, nikasimama nikalitafuta tena. Kwa Kiingereza mvunguni si mahali, ni chini ya kitu kingine. Ukisema "under the bed" umeshataja bed, na ukitaja bed umekwisha. "I am mvunguni, sir."

"What is?"

"Mvunguni." Nikamwonyesha kwa kidole.

"Mungini," akasema, akilionja.

Alizishika ndevu zake. Mkenya, ambaye siku hiyo hakuwa na zamu, hakusema neno, na hilo pekee lilinionyesha jambo lilivyo zito. Mwishoni mzee aliokota ndoo yake. "One bed, one person," akarudia, safari hii kama anayesoma kanuni kuona ina nini ndani. "Mungini, I don't know. Boss not telling me mungini." Akafika mlangoni, akageuka. "Leg good, one Bed Four go. Promise."

"Promise, sir."

Jioni niliporudi nilikuta nje ya mlango kipande cha sponji, kimekatwa kutoka godoro la zamani, urefu wa mtu aliyekunja miguu. Hakuna aliyewahi kusema ni nani aliyekiweka, nami sikuuliza. Nilikitandika mvunguni, nikalala juu yake, nikalia kidogo kwa sababu ya ulaini.

Bosi alipokuja kukagua, natur alimpitisha haraka. Nilikuwa kazini. Niliambiwa walisimama mlangoni, akaonyesha vitanda kwa kidole, na alipofika cha nne akasema, "Bed Four, sick," wakaendelea. Hakuna aliyeinama.

Mguu ulipona. Haukupona kwa siku moja. Wekundu ulikuwa unashuka, unapanda, unashuka tena, na kila asubuhi nilipiga magoti nikautazama kabla sijajitazama mimi. Lakini ulishuka. Siku aliyoweza kuukanyaga bila kuuma meno alitembea kutoka kitandani hadi dirishani akarudi, na chumba kizima kikampigia makofi. Alipokwenda Al Quoz kuripoti, kampuni ikamwambia kuwa mlinzi asiyeaminika kusimama hawamhitaji. Wakampa tiketi. Alirudi akanieleza bila kulia. "Ni sawa," akasema. "Wamenirudisha na miguu miwili."

Siku ya kuondoka alikataa lifti. Alishuka ngazi zote kwa miguu yake, mimi nyuma nimebeba begi, na kila ghorofa alisimama akanionyesha kifundo, nione hakijavimba. Natur alikuwa chini. Mwenzangu akamwambia, "Bed Four is going, sir," mzee akaweka mkono kifuani. Gari lilipoondoka alinifuata, akaniuliza kwa upole kama Bed Four amekwenda.

"Half, sir," nikasema.

Kitanda kikabaki changu chote. Nilikuwa nimekingoja kwa hamu, nisidanganye. Nilijiona nimejinyoosha, mikono huku na huku. Nilichofanya ni kulala kichwa mchagoni na magoti nimeyakunja, na asubuhi niliamka nayo yamekunjwa vilevile. Mkenya aliniletea watu wengine wawili watatu wa kuchangia. Niliwakataa, nikamwambia mgongo wangu umestaafu.

Ilipita miezi. Asubuhi moja nilikuwa hotelini, chumba cha mwisho wa korido, natandika king, simu ikatetemeka mfukoni. Kuzungumza na simu kazini ni kosa, lakini nikaona namba ni ya Uganda, nikapokea.

"Can you make a bed?" sauti ikaniuliza.

"No, sir," nikasema.

"Mimi sasa naweza." Akacheka, na nyuma yake nikasikia watoto na jogoo. Akanieleza kuwa amepata fundi Masaka, kijana mzuri, na pesa ya mwisho aliyopewa na kampuni yote ameitia kwenye mbao. Kitanda kimekwisha jana. Anasimama kwa miguu yake mbele ya kitanda hicho sasa hivi, anakitazama. Fundi alimuuliza kwa nini anataka kikubwa namna ile na mume hana.

"Ukamwambia nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia iko mzungu mmoja nangojea, kutoka Dubai," akasema. "Upande ya miguu ni yako, dada. Usichelewe."

Nikakaa bila kufikiri. Ndipo nikajua nimekaa wapi: kwenye kitanda cha mgeni, mimi mzima, na simu sikioni. Kilikuwa laini, laini mno, unazama, na wala hakikuwa kizuri kiasi nilichodhani miaka yote ile. Nilikaa hapo mpaka tukaagana. Kisha nikainuka, nikanyoosha shuka pale nilipokalia, nikainama mlangoni kuhakikisha alama haionekani. Ilionekana kidogo. Nikaiacha, nikasukuma toroli kwenda chumba kinachofuata.